Vilima na dagaa: kuanza mazoezi na mlo bora Mwanza
Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Ndizo dakika 150 anazoshauriwa mtu mzima. Wiki mbili za kwanza baki kwenye barabara tambarare. Wengi hukimbilia kilima cha Bugando siku ya kwanza, magoti yanauma, wanaacha. Kilima kije wiki ya tatu, kwa hatua fupi, na ushuke taratibu, kwa sababu kushuka ndiko kunakolemea goti zaidi.

Jioni, nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali wa dona, robo samaki. Dagaa wakavu waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, mchanga utoke, kisha wapike kwa nyanya, kitunguu na kijiko kimoja tu cha mafuta. Usiwakaange! Huliwa na mifupa yao, ndiyo maana wana kalsiamu nyingi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko cha chai.