Kijiji kichague mfumo wa maji kabla ya mchoro

Mradi ukifika kijijini umekwisha kuchorwa, watu hupiga makofi siku ya uzinduzi, na pampu ikifa kila mmoja husema ni ya Serikali. Kwa vijiji vya Uyui na Sikonge, mkoani Tabora, uchaguzi ufanyike Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamefika chini kabisa. Kisima kilichopimwa Machi kitawadanganya.

Anzeni vitongojini. Kaeni na akina mama peke yao, maana ndio wanaojua kisima kipi hukauka mwezi gani. Wafugaji nao waulizwe mapema: ng'ombe mmoja wa kienyeji anaweza kunywa lita 25 kwa siku, sawa na kiasi ambacho Sera ya Maji ya 2002 ilimtengea mtu mmoja. Kwa watu 600 hiyo ni lita 15,000, yaani ndoo 750, kabla ya mifugo.

Kisha bandikeni picha za mifumo inayowezekana, na chini ya kila picha andikeni gharama ya kuuendesha, si ya kujenga tu. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Pampu ya mkono aina ya Afridev huvuta kutoka mita 45 hivi, hutosha watu 250, na fundi wa kijiji hubadilisha sili zake (mipira ya kuzuia maji yasivuje) mwenyewe. Kisima kirefu cha sola hakinywi dizeli, lakini kontrola inayoongoza pampu ikiungua kwa radi, fundi na kifaa hutoka mjini. Tena mapato ya maji yanayouzwa kwa ndoo hushuka masika, watu wakirudi kwenye visima vya asili; msihesabu miezi 12 kana kwamba yote ni kiangazi. Mkulima wa tumbaku alipe kwa mkupuo baada ya mauzo, kwani Januari hana kitu.

Mhandisi wa RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, aeleze kisichowezekana, asichague.

Kura ipigwe nyuma ya turubai, chombo kimoja kwa kila picha: wanawake watumbukize punje ya mahindi, wanaume punje ya maharage. Mkimwaga, mtaona papo hapo kama wanaume wamewachagulia wachotaji. Mahindi yakijaa kwenye pampu iliyo karibu na maharage kwenye kisima chenye birika la ng'ombe, msijumlishe. Rudini mkajadili, mpige tena. Matokeo, pamoja na bei ya ndoo waliyoikubali, yaingie kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji siku hiyohiyo.