Vifungo vya ukurasa wa 112: la kufanya ukikuta msomaji ameisifu riwaya yako

Nakala zangu zilikuwa zimeniishia, nikaenda maktaba kuazima riwaya yangu mwenyewe ili nihakikishe jina la mhusika mmoja mdogo. Nikiwa napekua, kwenye ukurasa wa 112 nikakuta mstari wa penseli pambizoni na maneno matano, mwandiko mdogo uliolala upande: "Vifungo! Mama yangu alifanya hivihivi."

Kitabu kilikuwa na miaka minne tangu kitoke. Nilikaa chini palepale katikati ya rafu.

Likikufika jambo kama hili, kwanza nakili. Andika neno kwa neno, alama ya mshangao ikiwemo, na ukurasa na tarehe uliyoyakuta. Usiiachie kumbukumbu, maana ina mkono mrefu wa kuongeza. Wiki haijaisha nilimsimulia dada yangu kwamba kuna msomaji alilia kwa sababu ya kitabu changu. Nilipofungua daftari, kilio hakikuwemo. Yalikuwemo vifungo na mama, na hayo yalitosha kabisa.

Halafu tazama kilichosifiwa ni kipi hasa. "Kitabu kizuri sana" hupasha moyo, upokee kwa shukrani, lakini hakikuonyeshi kitu. Sifa ya kushika ni ile inayoweka kidole mahali. Msomaji wangu aliweka kidole pale mjane anapokunja shati la marehemu mumewe: kabla ya kulikunja, anafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, hadi cha shingoni. Mhariri alishauri sehemu hiyo ikatwe kwa kuwa inachelewesha mazishi. Niliitetea, ingawa sikuwa na hoja ya kumpa.

Sasa rudi kwenye rasimu zako. Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko pengine pote. Tafuta sentensi ile iliingiaje na nini kilikuwa jirani yake. Mimi nilikuta kwamba rasimu ya kwanza ilikuwa na vifungo, na chini yake nimeandika: "Alihuzunika sana, moyo ukamwuma." Katika rasimu ya tatu nilikuwa nimeufuta mstari huo, bila hata kukumbuka niliufuta kwa nini. Vifungo vikabaki peke yake, na nafasi iliyoachwa wazi ndiyo aliyoingia mama wa mtu nisiyemjua. Baada ya hapo niliufungua mswada niliokuwa nauandika nikatafuta pote nilipomweleza msomaji huzuni ambayo tayari ameiona. Nilipata sehemu kumi na moja. Nane nilizifuta jioni ileile.

Lakini usirudie kilichosifiwa. Mara mbili tangu siku ile nimemkuta mhusika wangu mpya anakunja nguo, na mara zote mbili nimemwondolea nguo mikononi. Chukua namna ya kutazama, kitu chenyewe kiache kilipo.

Msomaji akijulikana, mshukuru kwa ufupi na umtajie kile alichokigusa, ajue umemsoma kama alivyokusoma. Akikosea jina la mhusika, usimsahihishe. Akiona maana ambayo hukuikusudia, mwachie. Asipojulikana, usimsake. Nilitamani sana kumwuliza mkutubi nani aliazima nakala ile, nikajizuia: kumbukumbu za kuazima ni siri ya msomaji, na mkutubi mwema hastahili kubanwa na swali hilo.

Ukitaka kuyaweka maneno ya mtu kwenye jalada la nyuma, omba ruhusa, kwa kuwa ni mali ya aliyeyaandika hata kama yanakihusu kitabu chako. Na usiyapunguze hadi yageuke. Aliyesema "inachosha mwanzoni, baadaye inakushika" hakusema tu "inakushika"; ukimkata hivyo, umemdanganya atakayenunua.

Kisha hifadhi mahali utakapopafikia siku ngumu. Mwandishi Mwingereza Emily Brontë alipofariki mwaka 1848, ndani ya sanduku lake la kuandikia yalikutwa mapitio matano ya riwaya yake ya pekee, yaliyokatwa magazetini, mengine makali kwelikweli. Huwa namfikiria akiyakata kwa mkasi na kuyaweka pamoja, ya sifa na ya shutuma. Daftari langu nami nimelipanga hivyo: maneno matano ya penseli yako kurasa mbili baada ya barua ya mchapishaji wa kwanza aliyenikataa.

Kitabu chenyewe nilikirudisha kabla ya siku yake. Nilikuwa na kifutio mkobani na kalamu pia, na nilifikiria kuandika "asante" chini ya mwandiko ule. Nikauacha ukurasa kama nilivyoukuta.