Kipupwe: jinsi ya kulinda viazi na nyanya kuanzia Juni hadi Agosti

Juni ikiingia, Nairobi hutoa masweta na wakulima wa Limuru, Ngong na Kinangop huanza kuhofia mashamba. Baridi hii haishuki kutoka Mlima Kenya, kama unavyoweza kudhani. Wakati huu kusini mwa dunia ni majira ya baridi, na mgandamizo mkubwa wa hewa ulio karibu na visiwa vya Mascarene, mashariki mwa Madagascar, hupata nguvu na kusukuma upepo wa kusi juu ya Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ni ya baridi na imebeba unyevu. Ikipanda kutoka pwani hadi Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupoa zaidi na kuwa lile wingu la kijivu linalokaa hadi adhuhuri.

Shambani kipupwe kina sura mbili, na kinga ya moja haifai nyingine. Wingu likikaa, jani halikauki, na ugonjwa wa bakajani chelewa (bleiti) hushika. Wingu likiondoka usiku, ardhi hupoteza joto na jalidi, yaani umande ulioganda, huchoma. Kazi yako ya kwanza kila jioni ni kujua usiku unaokuja ni wa sura ipi.

Hatua ya 1: Pima shambani kwako

Nunua vipimajoto viwili vinavyoweka rekodi ya joto la juu na la chini. Kimoja kitundike kivulini, mita 1.2 kutoka chini. Cha pili kiweke wazi, kwenye kimo cha majani. Usiku mtulivu usio na wingu, cha chini kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 pungufu ya cha juu. Ndiyo maana utabiri unaweza kutaja nyuzi 4 na bado ukaamka viazi vimeungua: joto la utabiri hupimwa juu, ndani ya kisanduku chenye kivuli.

Fuata pia utabiri wa siku 7 wa Idara ya Hali ya Hewa, na usikilize habari za Afrika Kusini. Theluji ikianguka kwenye milima ya Drakensberg, hewa baridi iliyo nyuma ya dhoruba hiyo huweza kusukumwa kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji na kutufikia siku kadhaa baadaye. Ni dalili tu, lakini inakupa muda wa kununua dawa kabla duka halijaishiwa.

Hatua ya 2: Hesabu saa za unyevu

Uingereza wanatumia kanuni ya Hutton kutabiri bleiti: siku mbili mfululizo ambazo joto la chini halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila siku unyevu wa hewa ukakaa asilimia 90 au zaidi kwa angalau saa 6. Usiku wa Julai Nairobi mara nyingi huwa kati ya nyuzi 10 na 12, na umande huanza mapema. Kwa hiyo kanuni hiyo hutimia hapa tena na tena. Kama huna kipimo cha unyevu, shika majani ya chini saa moja jioni na tena saa tatu asubuhi. Yakiwa yamelowa mara zote mbili, hesabu usiku huo kuwa wa hatari.

Hatua ya 3: Kagua kabla jua halijakausha majani

Ingia shambani saa moja asubuhi. Geuza jani lenye doa jeusi au la kahawia ambalo ukingo wake unaonekana kama umeloweshwa maji. Chini ya jani, kuzunguka doa, utaona utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga. Hiyo ni bleiti. Ukienda saa tano, utando umekauka na unaweza kudhani ni ukosefu wa mbolea. Doa lenye miduara ndani ya miduara ni bakajani tangulia, ambayo haina kasi hiyo.

Hatua ya 4: Pulizia kabla, na pulizia chini ya jani

Dawa ya kinga haiponyi jani lililokwisha kushikwa. Inazuia tu mbegu za ugonjwa zisiote. Anza mistari inapokaribia kufungana, yaani majani ya mistari jirani kukutana, urudie kila siku 7 wakati wa wingu. Dawa nyingi za kinga za unga huchanganywa gramu 40 hadi 50 kwa pampu ya lita 20, lakini lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Hakikisha ina nambari ya usajili wa PCPB, bodi inayosimamia dawa za kilimo Kenya, na ufuate siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ekari moja ya viazi vilivyofunga hula pampu 10 hivi.

Kosa kubwa ni kupulizia asubuhi majani yakiwa yamelowa: dawa hutiririka chini. Subiri majani yakauke, kwa kawaida kati ya saa saba na saa kumi alasiri, na elekeza nozeli juu kutoka chini. Dawa inayoingia ndani ya jani, kama yenye metalaksili, isizidi mara mbili kwa msimu; ukiitegemea, ugonjwa huizoea.

Aina ya viazi iitwayo Shangi hushikwa upesi. Aina za Sherekea na Kenya Mpya huvumilia zaidi, ingawa nazo bado huhitaji kupuliziwa.

Nyanya za kivungulio (nyumba ya nailoni)

Wengi hufunga pazia zote kwa sababu ya baridi. Usiku sawa. Lakini zikibaki zimefungwa asubuhi, maji hudondoka kutoka kwenye paa hadi kwenye majani. Fungua pande zote kufikia saa tatu, hata kukiwa na baridi, na mwagilia asubuhi tu.

Hatua ya 5: Usiku wa nyota

Upepo ukitulia na mbingu ikafunguka jioni, bleiti si tatizo kuu la usiku huo; jalidi ndiyo hatari. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo anza kulinda upande wa chini wa shamba. Mwagilia udongo mchana, maana udongo wenye maji huhifadhi joto kuliko mkavu. Saa tatu usiku kipimajoto cha chini kikisoma nyuzi 5, funika kwa shuka la kitalu juu ya matao ya sentimita 60. Shuka la nailoni likigusa jani, jani hilo ndilo litakaloungua. Baridi kali zaidi huja karibu na macheo, kwa hiyo usifunue mapema. Ngoja jua lipashe.

Viazi vikiungua, usikate majani siku hiyo. Ngoja siku 5 hadi 7 uone machipukizi yanatokea wapi. Na kama bleiti imeshashika shamba lililokomaa, kata mashina yote na uyatoe, kisha ngoja wiki 2 kabla ya kuchimba, ngozi ya viazi ikaze na mbegu za ugonjwa zilizobaki juu ya udongo zife.