Karo la choo likijaa kila mara: kujenga jipya pamoja na shimo la kufyonzea

Gari la kunyonya majitaka likiingia kwenye nyumba ileile kila baada ya miezi miwili au mitatu, watu husema karo ni dogo. Mara nyingi sivyo. Karo lililo sawa huwa limejaa maji muda wote: kila ndoo inayoingia husukuma ndoo nyingine itoke kwenda kwenye shimo la kufyonzea, yaani shimo linaloachia maji yazame ardhini. Kazi ya karo ni kutuliza uchafu tu. Kinyesi kinazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka. Anayeyapokea na kuyasafisha ni udongo, na udongo ukishindwa, kulitanua karo ni kupoteza saruji. Anza na udongo, tofali baadaye.

Kupima udongo

Chimba hadi kina ambacho maji yatafyonzwa, kisha chini yake chimba kishimo cha upana na kina cha sentimita 30. Kijaze maji jioni, yakiisha jaza tena, acha hadi asubuhi. Mafundi wengi huiruka hatua hii na ndipo wanapodanganyika, kwani udongo mkavu hunywa haraka mno. Ukishalowa ndipo unaonyesha tabia yake. Asubuhi weka maji ya sentimita 15, simamisha rula, uhesabu dakika hadi yashuke sentimita 2.5. Yakichukua dakika 5 hadi 30, udongo unafaa. Yakizidi dakika 60, huo ni mfinyanzi na shimo halitakusaidia. Yakishuka chini ya dakika 3, mchanga unapitisha maji kabla hayajasafishwa, na visima vya jirani viko hatarini.

Uliza pia maji ya visima vya karibu yanapanda hadi wapi wakati wa masika. Kitako cha shimo kinatakiwa kibaki angalau mita 1.5 juu ya usawa huo. Kwenye maeneo ya chini ya Dar es Salaam kama Msasani na Mikocheni, shimo refu huishia kuchota maji ya ardhini badala ya kumwaga. Huko tumia mitaro ya kina kifupi, sentimita 60 hadi 90, iliyojazwa kokoto na kulazwa bomba lenye matundu.

Shimo liwe mita 30 kutoka kisimani, mita 3 au zaidi kutoka ukutani mwa nyumba, na mbali na miti yenye mizizi mikali.

Ukubwa

Chukua familia ya watu 6 wanaotumia lita 100 kila mmoja kwa siku, yaani lita 600. Maji yakae siku mbili (lita 1,200), na tope la miaka mitatu kwa lita 40 za mtu kwa mwaka ni lita 720. Jumla inakaribia lita 2,000. Jenga la lita 3,000, maana wageni na misiba haviulizi. Vipimo vya ndani: upana mita 1, kina cha maji mita 1.5, chumba cha kwanza urefu wa mita 1.4 na cha pili mita 0.7. Ongeza sentimita 30 za hewa juu ya maji.

Shimo la kufyonzea lihesabu kwa ukuta wake peke yake, kwa sababu kitako huziba mapema. Mchanga laini wenye udongo kidogo hupokea kama lita 33 kwa mita moja ya mraba kwa siku, mchanga wa chembe kubwa 50, mfinyanzi 10 au pungufu. Lita 600 kwenye mchanga laini zinadai mita 18 za mraba. Mashimo mawili ya kipenyo cha mita 1.5, kila moja likiwa na mita 2 chini ya bomba, yanatosheleza. Mawili ni bora kuliko moja: weka chemba ya kugawa kati yake, likichoka moja unalifunga lipumzike kwa miezi kadhaa huku lingine likifanya kazi.

Ujenzi wa karo

Kwa karo hilo utahitaji tofali 160 za inchi 6 zisizo na matundu, mifuko 15 ya saruji ya kilo 50, nondo 5 za milimita 10, na bomba za inchi 4 pamoja na tii zake (viungo vya umbo la T). Chimba kiangazi. Ukuta wa mchanga ukifika mita moja na nusu bila kuegemezwa unaweza kumfukia mtu, kwa hiyo wekea mbao au uchimbe kwa mteremko.

Zege la kitako liwe sentimita 15, mchanganyiko 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Jenga kwa 1:4 (saruji kwa mchanga), piga plasta 1:3 ndani yote na kumalizia kwa niru (saruji tupu iliyokorogwa na maji), pembe zikizungushwa. Ukuta wa kati uache nafasi ya sentimita 15 juu ili gesi ipite, na upitishe maji kwa matundu ya katikati ya kina, chini ya mafuta na juu ya tope.

Hapa ndipo makosa mengi yanapoingia. Bomba la kutoka likae mita 1.5 kutoka kitakoni, la kuingia sentimita 7.5 juu zaidi. Zikilingana, maji yanalala kwenye bomba la choo. Kila bomba lifungwe tii ndani ya karo: mkono wa chini wa kuingilia uzame sentimita 30, wa kutokea sentimita 50 hadi 60. Tii ya kutokea ikikosekana, mafuta yanayoelea yanaingia moja kwa moja kwenye shimo la kufyonzea na kulipaka utando usiopitisha maji, na hapo shimo linaweza kufa upesi. Acha mfuniko juu ya kila tii, ili mti uingie wa kuzibua. Bomba kutoka nyumbani lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita, na weka chemba kila linapokata kona.

Mwagilia zege siku 7. Kabla ya kufunika, jaza maji, acha siku moja plasta inywe, chora alama, kisha angalia baada ya saa 24. Maji yakishuka, karo lina ufa. Mfuniko wa zege uwe sentimita 12, nondo kila sentimita 15 pande zote mbili, na bomba la hewa lipande juu ya paa.

Shimo la kufyonzea

Jembe likipita kwenye udongo wenye unyevu huacha ukuta unaong'aa kama uliopakwa siagi. Ukwangue kwa reki hadi urudi kuwa wa chengachenga, vinginevyo umeshaziba shimo kabla ya kulitumia. Panga tofali bila saruji kwenye viungo vya wima, jaza kokoto nyuma yake, kisha nusu mita ya juu jenga kwa saruji ibebe mfuniko. Maji ya mvua ya paa yasiingie humo kamwe, na sinki la jiko lipitie mtego wa mafuta.

Karo la zamani likiachwa, linyonywe, lipasuliwe kitako kutoka nje, lijazwe udongo. Asiingie mtu ndani ya karo lililotumika, hata likiwa tupu: gesi huua kwa pumzi chache, na anayefuata kumwokoa mara nyingi hufa naye. Kunyonya karo jipya kutoshe kila baada ya miaka mitatu. Muulize mwenye gari anamwaga wapi, kwani kuna mabwawa ya majitaka kama ya Vingunguti, Dar es Salaam, kwa kazi hiyo. Chora ramani ya mahali ilipo mifuniko, ukipima kutoka kona mbili za nyumba, uihifadhi na hati za kiwanja.