Kutoka Uhasibu hadi Uzamivu wa Kijerumani, Ukiwa Lamu

Ikiwa ulisomea uhasibu au uvuvi, na sasa moyo wako umeelekea kwenye lugha na fasihi ya Kijerumani hata ukafikiria shahada ya uzamivu, usianze kwa kujaza fomu. Anza kwa kukagua ulichopungukiwa, ambacho aghalabu ni lugha na shahada ya uzamili.

Lugha hupimwa kwa ngazi sita, A1 ya anayeanza hadi C2 ya juu kabisa. Katika taaluma hii, C1 ni kizingiti tu, wala si jambo la kujisifia. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, hufundisha na kutahini Nairobi, kwa hiyo nauli na malazi viingie katika bajeti mapema. Uzamili nao usiuruke: vyuo vikuu vya Ujerumani kwa kawaida humtaka mwombaji awe na uzamili wa fani hiyo au ya jirani, na miaka miwili hiyo ndiyo itakayokupa isimu na fasihi ambazo wenzako walizisoma tangu ujana.

Linalostahili kufikiriwa zaidi ni mada. Sioni faida ya mtu wa Lamu kushindana na Wajerumani juu ya mshairi wao Goethe, ilhali mlangoni pake pana jambo ambalo wao hawaliwezi bila Kiswahili. Mwaka 1885 Ujerumani iliitangaza Witu, usultani mdogo wa bara karibu na Lamu, kuwa chini ya himaya yake, ikafungua posta mjini Lamu mwaka 1888, kisha ikaiachia Uingereza Witu kwa mkataba wa 1890. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Kijerumani Ernst Dammann alikuja Lamu kukusanya tungo za Kiamu, lahaja ya Lamu, akazichapisha 1940 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ukiuliza tafsiri hiyo iliacha nini njiani, unauliza swali la Kijerumani hasa. Ukiuliza tu habari za Witu, utaambiwa uende idara ya historia.

Nyaraka nyingi za ofisi ya makoloni zimo katika hifadhi ya taifa mjini Berlin, na baadhi zimeandikwa kwa hati ya mkono iitwayo Kurrent, ambamo e hufanana na n, na u hujulikana kwa kikunjo kidogo kilicho juu yake. Aliyezoea kusoma tenzi kwa herufi za Kiarabu, ambazo nukta moja hutenga ba na nuni, hatatishika.

Mada ikikomaa, mtafute msimamizi mwenyewe, kwani Ujerumani profesa akikukubali ndipo milango mingi hufunguka, ukiwemo wa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo. Barua ya kwanza iwe ya Kijerumani, isizidi ukurasa mmoja, na itaje nyaraka zilipo. Uhasibu uutengee sentensi moja, isipokuwa kama unataka kusoma daftari za Wajerumani waliofanya biashara Witu, maana hapo mhasibu ndiye anayetakiwa.