SOMO: Kutumia hedfoni za kawaida za kufuta kelele kama hedseti ya rubani

Wakuu habari za leo. Hili somo nimelidaiwa muda mrefu, kila nikisema naruka nikiwa nimevaa hedfoni za Bose za kawaida, zile za kusikilizia muziki nyumbani, napata maswali yaleyale, leo nimekaa naandika lote. Mimi nimejifunzia kuruka uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi, masaa yangu karibu yote ni Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na huu mpango nimeutumia mwenyewe zaidi ya mwaka, kwahiyo nitakayosema hapa nimeyaona kwa masikio yangu.

Jibu la haraka: inawezekana, na ukifanya vizuri inafanya kazi safi kabisa. Ila wengi wanadhani kazi ni kusikia. Kusikia ndio rahisi. Kazi yote ipo kwenye maiki, na wengi wanaoharibu wanaharibia hapo.

Kwanza elewa unapambana na nini. Ndani ya 172 kelele zinacheza desibeli 85 hadi 95 hivi. Propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 2,400 kwa dakika ni mizunguko 40 kwa sekunde, mapanga mawili maana yake hewa inapigwa mara 80 kila sekunde, na injini ya silinda nne nayo inalipua mara 80 hizohizo. Ndio ule mngurumo mzito unaoutoka nao kichwani mpaka kitandani. Sasa hedfoni za kufuta kelele zina vimaiki vidogo vinavyosikiliza huo mngurumo halafu vinatengeneza sauti iliyo kinyume chake, zikikutana zinauana. Na zinaweza zaidi sauti nzito za mfululizo, yaani hasahasa kelele ya ndege. Si bahati, hii teknolojia kwa upande wa Bose ilianzia hukuhuku angani, Amar Bose alipata wazo akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston mwaka 1978, mwaka 1986 ndege iitwayo Voyager ilipozunguka dunia bila kutua marubani wake walikuwa na hedseti za majaribio za Bose, na mwaka 1989 ndio hedseti ya kwanza ya marubani ikaingia sokoni. Hizi za nyumbani zimekuja baadaye sana.

Mbona tusinunue tu ya urubani? Pesa. Hedseti mpya ya urubani ya kufuta kelele kama Bose A30 ni zaidi ya dola 1,000, na mwanafunzi anayelipia kila saa ya ndege anajua hiyo ni masaa mangapi.

HATUA YA 1: Angalia matundu ya ndege yako. Ndege ndogo nyingi za Cessna na Piper zina matundu mawili, plagi nene ya milimita 6.3 ni ya kusikia, nyembamba kidogo ya milimita 5.2 ni ya maiki. Usilazimishe nene kwenye tundu la maiki. Helikopta zina plagi moja yake, Airbus nazo zina ya kwao. Jua yako kabla hujatoa hata shilingi.

HATUA YA 2: Chagua hedfoni. Ziwe za kufunika sikio lote, ziwe na tundu la waya, kufuta kelele kuwe kunafanya kazi waya ukiwa umechomekwa, na hili ni la lazima: betri ikiisha sauti iendelee kupita kwenye waya. Hapa niwape habari yangu. Nilianza na hedfoni moja ya zamani, sitaji kampuni, ambayo betri ikifa na sauti inakufa hapohapo. Nikiwa peke yangu kwenye saketi, yaani ule mzunguko wa kuruka na kutua kuzunguka uwanja, nimeshapita usawa wa katikati ya uwanja, kimya ghafla, sisikii mnara wa kuongozea ndege, sisikii mtu. Niliivua, nikachomoa plagi nikachomeka hedseti ya akiba huku mkono mmoja kwenye usukani, nikakuta mnara unaniita kwa mara ya pili. Niliomba radhi nikatua salama, ila ule ukimya siusahau. QC25 na QC35 za Bose, pia Sony WH-1000XM4, zinapitisha sauti kwa waya hata zikiwa zimezimwa. QC15 ya zamani haipitishi, ukiiona mtumba kwa bei ya kutupa achana nayo kwa matumizi haya.

HATUA YA 3: Tafuta adapta yenye maiki. Usitumie kile kimaiki cha simu kilichomo ndani ya hedfoni, hakiwezi. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii, uFlyMike na NFlightMic ndio majina yanayotajwa zaidi, inachomekwa kwenye tundu la hedfoni za Bose QC, mkono wa maiki unakuja mdomoni, waya unashuka na plagi mbili za ndege. Adapta inafanya mambo mawili ambayo huyaoni. Moja, hedfoni za nyumbani zina ukinzani mdogo, omu 16 hadi 50 hivi, wakati redio na intakomu ya ndege (mfumo wa kuongea nyie mlio ndani) zinategemea kukuta omu 150 hadi 600, ukichomeka moja kwa moja sauti inaweza kukwaruza au ukamshushia sauti na mwalimu aliyeko pembeni. Mbili, ni umeme wa maiki, nitaueleza kwenye maswali maana najua utaulizwa.

HATUA YA 4: Weka maiki mahali pake. Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayofanya watu waseme adapta ni mbovu. Maiki ya ndege ina matundu pande mbili, kelele inayoingia sawa pande zote inajifuta, sauti yako inaingia zaidi upande mmoja, ndio inabaki. Kwahiyo kwanza upande wenye alama uangalie mdomo. Halafu iwe karibu, milimita 3 hivi kutoka kwenye mdomo, yaani ukiutoa mdomo mbele kidogo unaigusa. Ukiiweka mbali kama waimbaji wanavyoshika maiki, mnara unapata injini yako badala ya sauti yako. Na sponji yake usiitoe.

HATUA YA 5: Ingia kwenye programu ya hedfoni kwenye simu uzime vitu vyote vya kujifanya vina akili. Kujizima zenyewe baada ya muda, kusimamisha muziki ukivua, ile Speak-to-Chat ya Sony inayosimamisha muziki ukianza kuongea, hali ya kusikia mazingira. Halafu zima Bluetooth ya simu isije ikaingiza simu ya shemeji ukiwa unasomewa ruhusa ya kutua.

HATUA YA 6: Jaribu chini. Injini ikiwa imezimwa ongea na mwalimu kwenye intakomu. Ukishawasha omba mnara wakusikilize, wanakupa namba 1 hadi 5 jinsi wanavyokusoma. Ukipewa 5 vizuri, lakini usiishie hapo, kwenye majaribio ya injini kabla ya kuruka ukiwa kwenye mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika ongea tena na mwalimu, maana 5 ya injini imelala si 5 ya injini inayovuta. Mimi mara ya kwanza nilipata 5 kwenye maegesho nikapata 3 nikiondoka, kumbe maiki ilisogea nilipogeuza kichwa kuangalia fainali, yaani njia ya mwisho ya ndege zinazokuja kutua.

HATUA YA 7: Safari mbili tatu za kwanza ruka na mwalimu. Mkiwa juu sehemu tulivu, zima kufuta kelele uone kama bado unasikia redio, kisha washa. Jambo la kuzoea ni kwamba injini inakuwa kimya mno. Ule mtikisiko mdogo wa kabureta kuanza kuganda barafu, zamani niliusikia kwa sikio, sasa lazima niusome kwenye geji ya mizunguko na niuhisi kwenye kiti. Honi inayoonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kuibeba ndege nayo kwenye 172 za zamani haiji kwenye hedseti, inalia yenyewe kutoka bawa la kushoto. Sauti yake ni nyembamba kwahiyo inapita, lakini nenda na mwalimu mkaisikilize makusudi ukiwa umevaa hizi hedfoni.

HATUA YA 8: Hedseti ya kawaida isiyo na betri ikae nyuma ya kiti, mkono unafika. Kila safari. Hata ya saketi tatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nina fundi Kariakoo mzuri sana, si anibadilishie tu plagi za hedfoni na maiki ya elfu kumi?

Jibu: Plagi ya kusikia anaweza, maiki hapana. Maiki ya ndege inapewa umeme na redio yenyewe, volti 8 hadi 16, kwasababu mfumo ulitengenezwa enzi za maiki za kaboni na zote zilizofuata zinajifanya kuwa kaboni. Kimaiki cha simu kinataka volti chache sana na kinatoa sauti dhaifu, ukikiunga hapo ama kinaungua ama husikiki. Panahitajika saketi ndogo ya umeme katikati ya kushusha umeme na kukuza sauti. Fundi wako anaweza kuwa hodari kweli, lakini kosa lake utalijua ukiwa hewani.

Swali: Kaka kwani nisitumie Bluetooth, kuna vidude vinaunga redio na earbud?

Jibu: Kwa muziki sawa. Kwa redio sishauri kabisa, sauti inachelewa, ukijisikia mwenyewe umechelewa sehemu ya sekunde ulimi unakwama, jaribu utaona. Wilson asubuhi Caravan (ndege ndogo za Cessna za kubeba abiria) za Mara zimepanga foleni na wote wanaongea, hapo neno lako likichelewa unamkata mwenzako. Waya.

Swali: Nikipata kazi ya Caravan nitaruhusiwa nayo?

Jibu: Usiende nayo kazini bila kuuliza. Kwenye ndege ya mafunzo au yako binafsi ni kati yako na mwalimu au mwenye ndege. Kwenye biashara kampuni ina kitabu chake cha uendeshaji na nyingi zinataka vifaa vilivyopitishwa, utakuta wanataja TSO-C139, kiwango cha Marekani cha vifaa vya sauti vya ndege. Pia kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, za ndege za abiria zinataka marubani watumie maiki yenye mkono unaokuja mdomoni au ya koo chini ya kimo cha mpito, yaani wakiwa bado chini, karibu na uwanja. Maiki ya namna hiyo unayo, lakini idhini ya adapta nzima ni habari nyingine.

Swali: Nasikia sikio la kushoto tu, nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa. Hedfoni zako ni stirio, intakomu ya ndege ni mono, kwahiyo upande wa kulia haupati kitu. Angalia adapta ina swichi ndogo ya mono na stirio, isogeze.

Swali: Kwenye helikopta ya R44 je?

Jibu: Plagi ni tofauti kwahiyo adapta iwe ya helikopta. Na hapo mimi ningesita. Helikopta ina kelele za juu nyingi pia, na hedfoni za nyumbani zinabana kichwa kidogo, kelele za juu zinazuiwa na mto wa sikio na mbano, sio na betri. Hedseti ya urubani ya kampuni ya David Clark inakubana mpaka kichwa kinauma lakini ule mbano ndio kazi yake.

Swali: Navaa miwani, inapitisha kelele?

Jibu: Ndiyo, mkono mnene unainua mto unaacha upenyo. Vaa miwani ya mikono myembamba iliyonyooka, na mito ikishaanza kupasuka badilisha. Usichukulie poa, mimi nilikaa miezi na mito iliyoisha. Kwa desibeli 85 wataalamu wa afya kazini wanakupa masaa 8 kwa siku, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, zikifika 94 ni saa moja tu. Somo moja la kuruka ni saa hiyohiyo.

Swali: Mwalimu wangu amekataa hata kuiona, nifanyeje?

Jibu: Vaa anayokubali yeye, ndege ni yake na leseni ni yake. Siku ya somo la darasani mletee, mchomeke ndege ikiwa imeegeshwa, mpe yeye aivae na wewe uvae ya shule muongee kwenye intakomu. Wangu alikubali hivyo, baada ya dakika kumi akaniuliza nimeagizia wapi.