Bendi yenu ya roki inatoa albamu ya kwanza? Pangeni hivi

Kama mna bendi ya roki, iwe Nairobi, Dar au Mombasa, mmekua mkipiga shoo ndogondogo na sasa mnataka albamu, someni hii kabla hamjalipa studio hata shilingi. Naamini kitu kimoja sana: albamu ya kwanza iwe ya nyimbo ambazo watu washazisikia mkizipiga laivu, sio nyimbo mnazotunga studio huku saa inahesabu pesa. Beatles kwa albamu yao ya kwanza walirekodi nyimbo 10 kati ya 14 siku moja tu, tarehe 11 Februari 1963, na waliweza manake nyingi walikua washazipiga klabuni usiku baada ya usiku. Nirvana nao albamu yao ya kwanza, Bleach ya 1989, kuirekodi ilikula dola 606 na senti 17.

Kwa hiyo anzeni kwa kuchuja. Pigeni kila kitu mlichonacho kwenye shoo, angalieni watu wanasogea mbele wimbo gani na wanatoa simu wimbo gani. Mkiwa na nyimbo 16 bakini na 9 au 10, na ule ambao mpiga bezi anaupenda lakini haujawahi kushika watu uacheni, hata ikiuma. Alafu rekodini demo kwa simu mkiwa mazoezini, sikilizeni kesho yake sio usiku uleule, mtagundua intro ni ndefu mno, kiitikio kinachelewa, na mara nyingi mpiga drams anaongeza spidi bila kujua. Andikeni spidi ya kila wimbo na mfanye mazoezi na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa spidi moja, mpaka muizoee, hiyo kazi mkiifanyia chumbani kwenu ni bure, studio mnailipia.

Sasa pesa na haki, na hapa naomba msiruke. Kila wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio. Anaweza kuandika mmoja na studio mkalipia wote, bila makubaliano mtagombana siku ya kwanza tangazo la biashara likitaka wimbo wenu. Kaeni chini muandike asilimia za kila wimbo, jumla ziwe 100, kila mtu asaini, hata ikiwa karatasi ya daftari. Mimi nashauri mgawane sawa, manake wimbo wa roki unatengenezwa na wote mle chumbani na rifu, kile kipande cha gita kinachojirudia, bila drams zile inakua kitu kingine kabisa. Andikeni pia mtu akitoka jina la bendi linabaki na nani, na kama prodyuza analipwa hela yake yakaisha au naye ana asilimia. Baada ya hapo sajilini kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, KECOBO kwa Kenya, COSOTA kwa Tanzania.

Studio yenyewe, ulizeni kwanza stima ikipotea inakuaje, na mafaili yawekwe kwenye diski mbili tofauti. Nyuzi mpya za gita zifungwe siku moja kabla ili zinyooke, zikifungwa asubuhi ya rekodi zitakua zinatoka tuni kila wimbo. Kama chumba kinaruhusu pigeni wote pamoja, mkionana macho, alafu sauti za kuimba mziweke siku nyingine koo likiwa limepumzika. Roki iliyorekodiwa mmoja mmoja mara nyingi inatoka safi lakini imepoa.

Kwenye miksi, yaani kusawazisha sauti za vyombo na waimbaji, kuna tatizo la kwetu hasa: maprodyuza wengi wamezoea afrobiti na bongo fleva, watapandisha sauti ya muimbaji juu sana na magita watayasukuma nyuma. Sio ubaya wao, ndio kazi wanayoifanya kila siku, nyinyi nendeni na rekodi mbili tatu mnazozipenda mumuonyeshe gita linatakiwa likae wapi. Sikilizeni miksi kwenye gari, kwenye spika ya simu, kwenye iafoni za bei rahisi. Masta, yaani kuisafisha miksi mara ya mwisho kabla ya kutoa, mpeni mtu mwingine mwenye masikio mapya, na msimlazimishe apandishe volyumu mpaka sauti inapasuka, Spotify inashusha kila kitu kwenye usawa wa -14 hivi kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Daini WAV za biti 24, yaani mafaili ya sauti yasiyobanwa, nyimbo bila sauti ya kuimba, na kila chombo faili lake.

Tarehe ya kutoa iwe wiki 6 au zaidi baada ya masta kukamilika. Msambazaji kama DistroKid, TuneCore au CD Baby atawapeleka kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, hakikisheni Boomplay iko kwenye orodha. Toeni singo mbili au tatu kwanza, na zikiingia kwenye albamu zitumie namba zilezile za ISRC, utambulisho wa kila rekodi, ili namba za wasikilizaji zisianze sifuri. Wimbo mmoja mnaweza kuwapendekezea wahariri wa Spotify wanaopanga orodha za nyimbo, angalau siku 7 kabla, waelezeni mnatoka wapi na wimbo unahusu nini. Kava, pikseli 3000 kwa 3000, na isomeke ikiwa ndogo.

Hela ya strimu, yaani watu kusikiliza mtandaoni, msiitegemee, tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofika strimu 1,000 ndani ya miezi 12. Wekeni albamu Bandcamp pia, tovuti ambapo wanamuziki wanauza kazi zao moja kwa moja, wao wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya dijitali na wapenzi wa roki wa nje wananunua huko kweli, na kwa Kenya hela ya PayPal mnaitoa hadi M-Pesa. Chapisheni fulana chache muuze na namba ya siri ya kupakua albamu.

Uzinduzi ombeni nafasi mapema, Alliance Française Nairobi au Nafasi Art Space Dar kwa mfano, muwe na kiingilio hata kidogo, mualike bendi nyingine moja yenye watu wake. Pigeni albamu nzima kwa mpangilio wake, fundi sauti alipwe usiku huohuo, na meza ya fulana muiweke karibu na mlango wa kutokea.